Vermuti nyekundu ya Kitaliano: kabla hujaimwaga hiyo chupa, soma hapa

Mkuu, uzi wako nimeuona jana usiku nikiwa natoka kazini, nikasema huyu lazima nimjibu, tena kwa kirefu. Kwa wanaoanzia hapa: jamaa alipita Milano, akanunua uwanja wa ndege chupa ya vermuti nyekundu, kile kileo cha Kitaliano cha mitishamba, ile ambayo kwenye lebo imeandikwa Vermouth Rosso. Alipofika nyumbani Mwanza akaifungua sebuleni, akajimiminia glasi ya mvinyo ikajaa, bila barafu, na joto lile la mchana. Akaiona tamu mpaka inakera, na mwishoni uchungu umeganda kooni "kama dawa ya kikohozi". Sasa anauliza: amepigwa? Nzuri ni ipi? Na Waitalia wenyewe wanainywaje?

Hujapigwa. Umefanya kama mtu aliyepewa achari akaila kwa kijiko akidhani ni mboga.

Nijitambulishe kidogo ili ujue maneno haya yanatoka wapi. Mimi ni mtu wa Moshi. Nimefanya baa miaka sita Kiwengwa, Unguja, kwenye hoteli ambayo wageni wake karibu wote walikuwa Waitalia. Sasa huu ni mwaka wa tisa niko Torino, kaskazini mwa Italia, na bado niko nyuma ya kaunta. Siuzi chupa na hakuna kampuni inayonilipa, kwa hiyo nikisifia kitu nakisifia kwa ulimi wangu tu.

Mwaka wangu wa kwanza Kiwengwa niliijua vermuti kama chupa inayokaa. Bia inatoka, mvinyo unatoka, Konyagi inatoka, vermuti inakaa. Ilikuwa shelfu ya juu pembeni ya mashine ya kahawa, na jua la saa kumi lilikuwa linaipata vizuri kupitia dirishani. Jioni moja akaja mzee wa Torino, mpole, shati la kitani, akaomba vermuti tupu yenye barafu moja na ganda la chungwa. Nikamimina. Hakuonja hata tone. Alinusa, akaizungusha glasi, akanusa tena, akaiweka chini na kuisogeza upande wangu kwa kidole kimoja. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Hii fungua lini?" Sikujua. Nikamwita mwenzangu wa zamu ya mchana, naye hakujua, ila alikumbuka kuwa Krismasi waliitumia kutengenezea wageni kokteli. Tulikuwa Julai.

Mzee hakugomba. Aliniambia nifungue chupa mpya, atalipa yeye, kisha akanifanya nimimine glasi mbili, ya zamani na mpya, ninuse moja baada ya nyingine. Mpya ilikuwa na ganda la chungwa, mdalasini kwa mbali, na kitu kama majani yaliyofikichwa kiganjani. Ya zamani ilinuka zabibu kavu zilizolala kwenye mfuko uliolowa, halafu ukivuta pumzi vizuri unapata mkwaruzo wa siki. Rangi ni ile ile, na chupa zote mbili zina lebo moja. Nilikuwa nimewauzia watu siki ya sukari kwa miezi saba, na wao kwa adabu yao wakawa wanaiacha mezani nusu glasi, mimi nikidhani ndivyo inavyonywewa. Kesho yake nikatafuta utepe wa karatasi na kalamu ya wino mzito, nikaanza kuandika tarehe kwenye kila chupa ninayoifungua. Mpaka leo naandika, na wenzangu wa hapa wananicheka kwamba nafanya kazi kama mfamasia.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na ukilishika hili hata mengine ukiyasahau si neno: vermuti ni mvinyo. Ile chupa ndefu yenye kifuniko cha kuzungusha inawadanganya watu, wanaipanga pamoja na wiski wakiamini itakaa miaka. Sheria za Ulaya zinataka angalau asilimia 75 ya kilichomo iwe mvinyo. Kinachobaki ni pombe kali kidogo ya kuipandisha nguvu, sukari, na mitishamba iliyolowekwa. Ikishafunguliwa hewa inaanza kuila, kama inavyoula mvinyo wowote, ila kwa mwendo wa polepole kwa sababu ya ile sukari na kilevi kilichoongezwa.

Mtishamba mkuu ni pakanga, hii hii tunayoisikia makanisani kwamba ni chungu kupita kiasi. Hata jina la kinywaji limetoka hapo, maana Wermut kwa Kijerumani ndiyo pakanga. Bila pakanga huruhusiwi kuiita vermuti. Baada yake kila mtengenezaji ana siri yake: mizizi ya jenziana (mmea mchungu wa milimani), gome la mti wa kwinini, ganda la chungwa chungu, mbegu za giligilani, mdalasini, kungumanga, iliki, vanila, na karafuu ambayo sisi ukitutajia mawazo yanakimbilia Pemba. Wanaviloweka kwenye kilevi kwa wiki kadhaa, wanachuja, wanachanganya na mvinyo na sukari, wanaiacha itulie, wanaipoza na kuichuja tena.

Wachaga wenzangu hapo mtanielewa haraka. Mbege, pombe yetu ya ndizi, bila msesewe ni uji wa ndizi. Bibi yangu alikuwa anakata gome la msesewe, analichemsha, na kiasi cha kutia hakupima kwa kikombe wala kijiko, alionja kwa ncha ya ulimi na kukunja jicho moja. Ukizidi, wazee wanairudisha kata. Ukipungua, wanasema hii ni ya watoto. Utamu wa ndizi unahitaji kitu cha kuushika mkono usikimbie, na pakanga inafanya kazi hiyo hiyo ndani ya vermuti. Siku nilipolielewa hilo niliacha kuiona ngeni.

Kuhusu huo utamu uliokukera, usifikiri ni mdomo wako. Vermuti ya kuitwa tamu, kwa kanuni, inatakiwa iwe na sukari gramu 130 au zaidi kwa lita. Soda ya kola ina kama gramu 106. Yaani ulijaza glasi ya kitu kilichoishinda soda kwa sukari, ukakinywa cha uvuguvugu, kikiwa na kilevi cha asilimia 15 au 16. Hata Mtaliano ungemtoa jasho. Huku kipimo ni mililita 60 au 75, basi, na ya baridi. Baridi inaupunguza utamu na kuupa uchungu nafasi. Hili jaribu mwenyewe: weka vijiko viwili vya vermuti kwenye kikombe nje, na viwili kwenye friji, baada ya saa moja onja vyote. Utaapa ni chupa mbili tofauti.

Halafu kuna lile linalowashangaza watu wengi, na mimi nilibishana nalo wiki nzima: hii vermuti nyekundu kwa sehemu kubwa imetengenezwa kwa mvinyo mweupe. Ule wekundu wa kahawia ni sukari iliyounguzwa, kama ile tunayounguzia kupaka rangi keki. Imulike kwenye dirisha utaona, haina uzambarau wa mvinyo mwekundu, ina rangi ya chai kavu iliyokolea. Zipo chache zilizotiwa mvinyo mwekundu wa kweli. Kampuni ya Martini wana moja inaitwa Riserva Speciale Rubino, yenye mvinyo wa zabibu za Nebbiolo, na ukiiweka pembeni ya ile ya kawaida tofauti ya rangi unaiona bila kuambiwa. Ila usiutumie wekundu kupima ubora.

Historia nitaipitia mbio. Mwaka 1786, Antonio Benedetto Carpano alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vinywaji hapa Torino, eneo la Piazza Castello, akaanza kuuza mvinyo wake wa mitishamba. Mvinyo wa mitishamba ulikuwepo tangu kale, lakini yeye ndiye anayepewa sifa ya hii ya kisasa. Mahali penyewe palisaidia: Milima ya Alpi unaiona ukitoka mlangoni, na huko pakanga na jenziana zinaota zenyewe, mvinyo mweupe wa Moscato unatoka Canelli, siyo mbali, na mji ulikuwa makao ya watawala wa Savoia, wenye pesa za kununua viungo vilivyokuja kwa meli. Watengenezaji wengine: Cinzano wanahesabu mwanzo wao 1757, Martini 1863, Cocchi 1891 kule Asti. Ukifika Torino, pale Lingotto kiwanda cha zamani cha Carpano sasa ni soko kubwa la vyakula, na ndani yake kuna makumbusho ya vermuti. Nenda, halafu shuka chini ununue jibini.

Sasa kuchagua. Kwenye lebo tafuta maneno Vermouth di Torino. Si kila vermuti ya Kitaliano ina haki ya kuyaandika. Kanuni za Machi 2017 zinataka itengenezwe mkoa huu wa Piemonte, mvinyo uwe wa Italia, pakanga iwe ya Piemonte, na kilevi kiwe kati ya asilimia 16 na 22. Ukiona na neno Superiore, basi kilevi ni kuanzia 17 na angalau nusu ya mvinyo wake umetoka hapa hapa mkoani. Rosso ni nyekundu. Dolce ni tamu. Bianco siyo kavu kama wengi wanavyodhani, nayo ni tamu, mara nyingi ina vanila mbele. Kavu imeandikwa Dry au Secco, na hiyo ni habari nyingine kabisa, usije ukaitia kwenye kokteli ya Negroni kisha ukaja kunilaumu humu.

Lakini lebo si kila kitu. Chupa ndogo ya bei ya chini iliyofunguliwa juzi inaishinda chupa ya kifahari iliyofunguliwa mwaka jana, na hapo sina mjadala na mtu.

Kwa anayeanza ninampa Martini Rosso bila aibu. Wajuaji wataguna, waache wagune. Inapatikana karibu kila mahali, hata huko nyumbani niliikuta kwenye maduka ya vinywaji, na kwa kuwa inatoka sana, uwezekano wa kukutana na chupa iliyochakaa dukani ni mdogo. Ni nyepesi, ladha yake iko wazi, haina makuu. Desemba iliyopita niliwaita nyumbani Watanzania wawili, mke Mtaliano wa mmoja wao, na Mkenya mmoja. Nikazivisha chupa nne soksi ili lebo zisionekane: Martini Rosso, Cocchi, Antica Formula na Punt e Mes. Mke wa jamaa, ambaye amekulia kwenye meza za Torino na aliapa ataijua Martini hata gizani, akaionja na kutangaza kuwa hii ndiyo ya bei mbaya kuliko zote. Tulipovua soksi alikaa kimya kama dakika mbili, kisha akaomba tubadilishe mada.

Ukitaka kupanda ngazi moja, Cocchi Storico Vermouth di Torino ndiyo chupa ninayonunua kwa pesa yangu. Msingi wake ni Moscato, ina chungwa chungu, gome la kwinini, na nyuma yake kitu kama kakao. Inanyweka tupu, inaingia kwenye kokteli bila kumfunika mwenzake. Kama nitaruhusiwa kubaki na moja tu kwenye friji, ni hiyo.

Antica Formula ya Carpano ndiyo watu wanayoisikia zaidi mitandaoni. Chupa ya kizamani, lebo ya kizamani, asilimia 16.5. Ni nzito, vanila imejaa, ukiimimina baada ya chakula unaweza ukaacha keki. Nakubali ni tamu kwelikweli ikiwa peke yake na barafu. Ila nina shutuma mbili. Kwanza ile vanila ni kama mgeni wa harusi mwenye sauti kubwa, ukimtia kwenye kokteli wengine hawasikiki. Pili, chupa yake iliyozoeleka ni ya lita nzima, na kwa mtu anayekunywa glasi moja Jumamosi lita ni mtego. Mimi mwenyewe niliinunua, nikasafiri kwenda nyumbani likizo ndefu, nikarudi nikakuta nusu lita ya majonzi. Bei ya moja ya hizo hapa napata karibu tatu za Martini. Ipo ndogo ya mililita 375, ukiiona chukua hiyo.

Punt e Mes, nayo ya Carpano, ni ya wale waliokulia kwenye mwarobaini. Jina ni la lugha ya hapa Piemonte, maana yake pointi moja na nusu: pointi ya utamu, nusu ya uchungu. Wanasimulia kwamba 1870 dalali mmoja wa hisa, akili bado iko sokoni kwenye bei, aliagiza kinywaji chake kwa lugha ya pointi, na jina likaganda. Kiukweli huo uchungu mimi nauona umezidi nusu. Kwenye lile onjo letu, Mkenya alikunja uso, akasema inamkumbusha dawa ya mama yake, kisha akasogeza glasi aongezewe.

Zipo nyingine nyingi, Bordiga, Mancino, Del Professore, sitazimaliza, na nyingine nimezionja mara moja tu kwa hiyo nisikudanganye.

Kwenye kununua, kuna duka moja hapa mjini, silitaji, liliniuzia chupa nzuri iliyokuwa imekaa kwenye kioo cha mbele kama pambo. Nyumbani nikaifungua, kizibo kimekauka, ndani harufu ya karatasi. Tangu siku hiyo sichukui chupa ya kwenye kioo, sichukui yenye vumbi mabegani, na nikikuta lebo imepauka upande mmoja naelewa jua lilikuwa linakaa upande gani. Huko kwetu ongeza joto la stoo ya bati. Nunua duka lenye kiyoyozi na wateja wengi, hata kama bei imeongezeka elfu mbili tatu.

Wanainywaje huku? Saa kumi na mbili jioni watu wanatoka maofisini, hawaendi nyumbani moja kwa moja, wanapita baa kwa kile wanachokiita aperitivo, kinywaji cha kuliamsha tumbo kabla ya chakula. Si cha kulewa. Glasi moja, pengine mbili, na vitu vya kutafuna. Mimi natayarisha hivi: glasi fupi nene imekaa kwenye friza tangu mchana. Barafu moja kubwa, siyo zile vipande vidogo vinavyoyeyuka kabla hujasema salaamu. Vermuti inatoka friji, naimimina mpaka ipande kidogo pembeni ya barafu. Nakata ganda la chungwa, ganda tu, lile jeupe la ndani linaongeza uchungu usiotakiwa, kipande cha urefu wa kidole. Nalishika juu ya glasi, upande wa rangi ukitazama chini, nalikunja mara moja. Ukitazama dhidi ya taa unaona mafuta yanaruka kama ukungu na kutua juu ya kinywaji. Nafuta ganda kwenye mdomo wa glasi, nalidumbukiza. Hiyo harufu ya kwanza ni ya chungwa, ya pili ni ya vermuti, na hapo ndipo mteja anafumba macho. Machungwa yetu ya Muheza yana ganda la kijani, nimejaribu, mafuta yake ni makali na yanafaa sana, ila lioshe kwanza.

Wengine wanaongeza maji ya gesi kidogo, na kwa joto la Mwanza nakushauri hivyo: vermuti sehemu moja, maji ya gesi sehemu moja, barafu ya kutosha, kipande cha limau. Tafadhali isiwe na Stoney Tangawizi. Najua utajaribu, sote tumejaribu, ni sukari juu ya sukari.

Cha kutafuna kiwe na chumvi. Hapa ni zeituni, jibini, na dagaa wa baharini wenye mchuzi wa kijani wa majani na kitunguu saumu, wanaita acciughe al verde. Mimi naweka korosho za kukaanga ninazoletewa kutoka nyumbani. Chumvi ya korosho inaukata ule utamu, na wateja wananiuliza nanunua wapi. Siwaambii.

Ukishaizoea tupu, ingia kwenye kokteli. Milano-Torino ni Campari, kileo chekundu kichungu cha Milano, na vermuti ya Torino, nusu kwa nusu, barafu, kwisha. Ukiongeza maji ya gesi inakuwa Americano. Ukitoa maji ya gesi ukatia jini (kinywaji, siyo lile la kupandisha kichwani) kwa vipimo sawa vitatu, hiyo ni Negroni, ambayo hadithi yake wanaipeleka Firenze, 1919, kwa bwana Camillo Negroni aliyetaka Americano yake iwe na meno. Na Bar Basso ya Milano inajulikana kwa ile ya mvinyo wenye povu badala ya jini, inayoitwa Sbagliato, yaani iliyokosewa. Kwa jioni ya joto mimi naona hilo kosa ni zuri kuliko yenyewe. Wapenzi wa wiski wana Manhattan, wiski sehemu mbili kwa moja ya vermuti na matone machache ya bitters, kile kilevi kichungu cha mitishamba kinachouzwa kwenye chupa ndogo. Negroni ya Konyagi nimeitengeneza. Inanyweka, ila Campari inaimeza Konyagi mzima mzima, kwa hiyo ongeza kipimo cha Konyagi kidogo, kisha usiendeshe gari.

Hilo la kuendesha nalisema kwa dhati. Inaingia kama juisi na nguvu yake inazidi mvinyo wa kawaida. Na mwenye kisukari hii siyo ya kwake hata kwa kuonja, glasi moja ya mililita 75 ina sukari gramu kumi hivi.

Kuhifadhi: ikifunguliwa, friji, imesimama, kifuniko kimekazwa. Kwangu mwezi wa kwanza iko sawasawa, wa pili bado inafaa, ukiingia wa tatu naanza kuinusa kwa mashaka. Ikibaki robo, ihamishie kwenye chupa ndogo ili hewa isiwe nyingi kuliko kinywaji. Isiyofunguliwa inakaa vizuri kabatini penye giza na ubaridi, ila usiitunze ukidhani inaongezeka thamani.

Sasa hiyo chupa yako, mkuu. Umesema umeifungua wiki tatu zilizopita na imekaa juu ya kabati la televisheni. Leo hii iweke friji, iache mpaka kesho jioni. Mimina kidogo, kipimo cha vidole viwili, barafu, ganda la chungwa, bakuli la korosho pembeni. Nusa kabla ya kunywa. Ukipata chungwa na viungo, imepona, kunywa taratibu. Ukipata siki na zabibu zilizovunda, usiimwage: chukua kilo moja ya kitimoto, chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga, glasi mbili za hiyo vermuti, loweka usiku kucha. Siku ya pili ikaange kwa moto mdogo mpaka ule mchuzi ukauke na uanze kunata kwenye nyama. Geuza mara kwa mara, ile sukari inaungua haraka.